Asili ya Mgeni Aliyekuwa Mwenyeji: Habari za Sykes Mbuwane na Mwanawe Kleist

 Leo nataka kuwasimulia habari za mtu mmoja aliyeletwa nchi hii kwa merikebu, akiwa mgeni kabisa, asiyejua lugha yetu wala njia zetu. Hakuja kwa biashara wala kwa kutafuta elimu. Alikuja na bunduki begani. Akafa mwanawe akiwa bado mchanga. Hata hivyo jina lake lingali likitajwa mjini Dar es Salaam mpaka leo, na wajukuu zake wamo katika habari kubwa za nchi hii. Jina lake ni Sykes Mbuwane.

Nataka tufuate nyayo zake kinyumenyume, kutoka mitaa ya Kariakoo mpaka huko alikotoka. Katika safari hiyo tutajifunza mambo mawili: la kwanza, jinsi asili ya mtu inavyotafutwa, la pili, maana ya neno hili "mwenyeji", ambalo kila siku tunalitamka bila kulifikiri.

Huko Marekani watu wengi hupenda mno kutafuta asili zao. Fahari yao kubwa ni kupata babu aliyekuwamo katika merikebu iliyoitwa Mayflower, iliyotoka Uingereza mwaka wa 1620 ikiwa na abiria 102. Karibu nusu ya watu wale walikufa katika kipupwe cha kwanza, kwa baridi na maradhi. Wazao wa wale waliosalia walianzisha chama chao mwaka wa 1897, wala hukubaliwi kuingia mpaka uonyeshe ushahidi wa kila kizazi, baba kwa baba, mama kwa mama. Lakini mwaka mmoja kabla ya Mayflower, yaani mwaka wa 1619, merikebu nyingine ilifika pwani ya Virginia. Ndani yake walikuwamo Waafrika wapatao ishirini, waliokuwa wametekwa katika nchi ya Angola. Hao nao walikuwa wakaaji wa kwanza, lakini wengi wao hawakuandikiwa hata jina. Basi fahamuni jambo hili tangu mwanzo: anayeandikwa ndiye anayekumbukwa, na asiyeandikwa hupotea hata kama alitangulia kufika.

Turudi kwetu. Mji wa Dar es Salaam si wa kale kama Kilwa au Lamu. Mahali ulipo palikuwa na kijiji cha wavuvi na wakulima kiitwacho Mzizima, nao waliokaa huko walikuwa Washomvi na Wazaramo. Washomvi wenyewe husimulia kwamba wazee wao walitoka Barawa, katika pwani ya Wasomali. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Unguja akaanza kujenga mji wake kando ya bandari, akauita Dar es Salaam. Lakini alifariki mwaka wa 1870, na kazi ile ikalala. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walifika mwaka wa 1887, na mwaka wa 1891 wakahamisha makao makuu ya serikali yao kutoka Bagamoyo wakayaleta hapa. Ndipo watu wakaanza kumiminika kutoka kila upande: Warufiji na Wanyamwezi, Wamanyema waliotoka mbali ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Wangazija, Wasudani, na wengine walioitwa Wazulu.

Hao Wazulu walitoka wapi? Hapo ndipo habari yetu inapoanza.

Mtafuta asili huanza na jina, kwa kuwa jina ni kama alama ya mguu mchangani. Lakini alama nyingine hupotosha. Mtu akilisikia jina la Sykes atadhani ni Mwingereza, kwani Sykes ni jina la Kiingereza. Akisikia kwamba mwanawe aliitwa Kleist, atadhani ni Mdachi, kwa maana Kleist ni jina la ukoo maarufu huko Ujerumani. Hata mtungaji mmoja mashuhuri wa nchi ile, aliyefariki mwaka wa 1811, aliitwa hivyo. Kisha akiwasikia wajukuu wakiitwa Abdulwahid, Ally na Abbas, atasema hawa ni watu wa Pwani, Waislamu wa asili. Jina moja tu kati ya hayo yote ndilo lililotoka katika lugha ya mababu, nalo ni lile la Mbuwane. Tazameni, basi: katika vizazi vitatu, nyumba moja ilibeba majina ya Kizulu, ya Kiingereza, ya Kidachi na ya Kiarabu. Majina hayo hayatwambii damu yao. Yatwambia ni nani waliopita katika maisha yao, na kwa nguvu gani.

Tuache jina, tushike njia. Mwaka wa 1888 watu wa Pwani waliwainukia Wadachi, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, ambaye wengi humwita Bushiri. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann akusanye jeshi. Wissmann hakuja na askari wengi wa Kizungu. Alikwenda Misri akaandika Wasudani wapatao 600, akaandika na Wasomali wachache. Kisha akapeleka watu kusini, katika nchi ya Msumbiji iliyokuwa chini ya Wareno, wakaandika wengine huko upande wa Inhambane. Hao wa kusini ndio walioitwa Wazulu. Wakapakiwa merikebuni, wakaletwa pwani yetu. Mwezi wa Julai mwaka wa 1889 jeshi lile likaushika mji wa Pangani, na tarehe 15 Desemba ya mwaka ule ule Bushiri akanyongwa hapo hapo Pangani.

Wazee wa ukoo husimulia kwamba Sykes Mbuwane alikuwa miongoni mwa watu wale waliotoka Inhambane. Mkubwa wao aliitwa Affande Plantan. Na neno hilo "affande", ambalo askari wa leo bado wanalitumia, limetokana na lugha ya Waturuki, likaja kwetu kwa vinywa vya askari wa Misri na Sudani. Hata maneno yana asili yao!

Sasa yatupasa kuuliza: Je, watu hao walikuwa Wazulu kweli? Inhambane si nchi ya Wazulu. Iko mbali sana kaskazini mwa nchi ya mfalme Shaka. Ili kupata jibu, turudi nyuma miaka sabini. Yapata mwaka wa 1819, Shaka alipigana na mfalme Zwide wa Wandwandwe, akamshinda. Majemadari wa Zwide wakakimbia kaskazini pamoja na watu wao. Mmoja aliitwa Soshangane; huyo akaingia Msumbiji, akawatawala watu aliowakuta, akasimamisha ufalme ulioitwa Gaza. Watu wake, pamoja na wenyeji waliochanganyika nao, wakaitwa Washangaan. Nchi ya nyuma ya Inhambane ilikuwa katika nguvu za ufalme huo, na mfalme wake wa mwisho, Gungunhana, alikamatwa na Wareno mwaka wa 1895. Basi Wadachi walipoandika watu huko wakawaita wote Wazulu, kwa sababu lugha na mavazi ya vita yalifanana, tena kwa sababu jina la Wazulu lilikuwa limetia hofu duniani tangu walipowashinda Waingereza katika vita vya Isandlwana mwaka wa 1879. Kumbe ufalme ule ulisimamishwa na watu waliomkimbia Shaka! Jina walilopewa lilikuwa jina la adui wa babu zao.

Wala habari haikomi hapo. Pamoja na Soshangane alikimbia jemadari mwingine, Zwangendaba. Huyo hakukaa Msumbiji, bali aliendelea kwenda kaskazini na watu wake, wakavuka mto Zambezi mwaka wa 1835, siku jua lilipopatwa, wakafika mpaka Ufipa, na huko Zwangendaba akafa. Baadhi ya watu wake wakageuka kusini na mashariki, wakaingia nchi ya Songea. Hao ndio Wangoni wetu. Basi yule askari aliyeshuka kutoka merikebuni kama mgeni, na Mngoni wa Songea aliyekwisha kuwa mwenyeji, njia zao zilianzia kwenye kimbilio moja. Mmoja alikuja kwa miguu, mwingine akaja kwa bahari, na kati yao ilipita miaka hamsini.

Sasa nafika mahali pagumu, na ningeweza kupapita kimya kimya kama wasimulizi wengine wafanyavyo. Lakini historia si sifa za harusini. Sykes Mbuwane alikuja kuwapiga watu waliokuwa wakiitetea nchi yao. Jeshi lile lililomshinda Bushiri ndilo lililopelekwa baadaye kwa Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe wa Mtwa Mkwawa waliwavamia Wadachi na askari wao, wakamwua kamanda wao Zelewski. Wadachi wakarudi na nguvu kubwa zaidi, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaivunja ngome ya Kalenga. Yasimuliwa katika ukoo kwamba katika kurudi kutoka vita vya Uhehe, Sykes Mbuwane alizama katika mto Ruaha, akafa. Hakurudi kwao Inhambane. Na mwaka ule ule wa 1894, mjini Pangani, alikuwa amezaliwa mwanawe, Kleist.

Wengine watauliza, kuna faida gani kuyataja haya? Si afadhali kusema tu kwamba babu alikuwa shujaa? Nami nawajibu: asiyetaka kuijua kweli ya babu yake hamheshimu, bali humfanya sanamu. Katika mji wa Dar es Salaam Wadachi walisimamisha sanamu ya Wissmann. Waingereza walipoingia mwaka wa 1916 ikaondolewa, na mwaka wa 1927 mahali pale pale pakawekwa sanamu ya askari Mwafrika, ambayo ingalipo mpaka leo, nasi twaiita Askari. Sanamu huondolewa na nyingine ikawekwa, lakini wazao hawaondolewi. Wao hubaki, na yawapasa kuishi na habari yote, tamu na chungu.

Kleist yatima akalelewa na Affande Plantan, pamoja na watoto wa Plantan mwenyewe. Walikua kama ndugu wa tumbo moja. Katika watoto wa Plantan, Thomas alikuja kuwa kiongozi wa chama cha Waafrika, na Ramadhani Mashado akawa mwenye gazeti la Zuhra, lililosomwa sana mjini. Kleist alisoma Kijerumani, akajifunza kazi ya ukarani na kupiga taipu, akawa askari kama baba yake. Vita Kuu ya mwaka wa 1914 ilipozuka, alipigana upande wa Wadachi chini ya jemadari von Lettow-Vorbeck.

Vita hiyo ndiyo iliyolipa jina soko letu. Waingereza waliutwaa mji wa Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916. Walihitaji wapagazi wengi mno, maana magari yalikwama na wanyama walikufa kwa ndorobo. Katika vita nzima ya Afrika Mashariki wapagazi wa pande zote walipata kama milioni moja, na waliokufa kwa njaa na maradhi walikaribia laki moja. Jeshi lao la wapagazi liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Hapa mjini wapagazi waliwekwa mahali ambapo Wadachi walikuwa wamejenga jumba la soko, nao wenyeji wakalitamka jina lile kwa ulimi wao: Kariakoo. Basi kila mtu aendaye sokoni leo kununua ndizi au kitenge hutaja, bila kujua, jina la watu waliobebeshwa mizigo mpaka wakafa. Wengi wao majina yao hayakuandikwa, kama wale Waafrika wa Virginia.

Vita ilipokwisha, mitaa ya Kariakoo ikajengwa, mistari kwa mistari, nyumba za vyumba sita zenye ukumbi katikati. Mzungu alikaa Uzunguni, Mhindi Uhindini, na Mwafrika akapewa upande huu wa Mnazi Mmoja. Katika nyumba moja ungeweza kumkuta Mzaramo chumba hiki, Mmanyema chumba kile, Mnyamwezi cha tatu. Kila watu walikuwa na chama chao cha kuzikana na ngoma yao. Na mtu alipogombana na jirani, tusi lililokuwa karibu na ulimi lilikuwa hili: "Wewe mtu wa kuja tu!"

Katika mji wa namna hiyo, Kleist Sykes, mwana wa mtu wa kuja, alipata kazi ya ukarani katika reli. Mwaka wa 1924 alifika nchini Daktari Aggrey, Mwafrika aliyezaliwa Gold Coast na kupata elimu ya juu Marekani, akiwa pamoja na tume iliyokuja kutazama mambo ya elimu. Kleist mwenyewe aliandika kwamba Aggrey alimshauri waunde chama cha kuwaunganisha Waafrika wote. Shauri lile halikuanguka juu ya mwamba. Mwaka wa 1929 chama cha African Association kikaundwa mjini Dar es Salaam. Cecil Matola akawa rais, na Kleist akawa katibu. Jina la chama lenyewe linafaa kutazamwa. Hakikuitwa chama cha Wazaramo, wala cha Wazulu, wala cha Wamanyema. Kwa mtu ambaye wenziwe walimwuliza kabila lake kila siku, neno hilo "Mwafrika" lilikuwa nyumba yenye nafasi ya kumtosha kila mtu. Mwaka wa 1933 akashiriki pia kuanzisha Al Jamiatul Islamiyya, ili watoto wa Kiislamu wapate shule. Baada ya kuacha kazi ya reli akafanya biashara, na mwaka wa 1949 akafariki dunia.

Mwanawe wa kwanza, Abdulwahid, aliyezaliwa mwaka wa 1924, alipelekwa Burma katika vita ya pili ya dunia, kama babu yake alivyopelekwa mbali na kwao. Alipokwisha kurudi, akawa msimamizi wa soko la Kariakoo. Tafakarini! Mjukuu wa askari wa Wissmann akashika daftari la soko lililoitwa kwa jina la wapagazi. Lakini hakukaa na daftari tu. Yeye na ndugu yake Ally waliingia katika uongozi wa chama kile alichokianza baba yao, na tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba ya chama iliyoko New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, chama hicho kikageuzwa kuwa TANU, chini ya urais wa Julius Nyerere. Kadi ya kwanza ya TANU ilikuwa ya Nyerere, na ya pili ilikuwa ya Ally Sykes. Miaka saba baadaye Tanganyika ikapata uhuru wake. Abdulwahid alifariki mwaka wa 1968, na Ally mwaka wa 2013.

Basi ule mtumbwi uliomleta mtu kuivunja ngome ndio uliowaleta wazao waliosaidia kuijenga nyumba. Hilo halifuti damu ya Lugalo wala ya Pangani. Lakini latuonya tusimhukumu mtoto kwa safari ya baba yake, wala tusimnyime mtu haki ya kuwa mwenyeji kwa sababu twamjua babu aliyeshuka bandarini. Kwani Mshomvi naye alitoka Barawa. Mngoni alitoka kusini. Mmanyema alitoka ng'ambo ya ziwa. Tofauti kati ya mwenyeji na mtu wa kuja, aghalabu, ni miaka tu.

Mtaniuliza: wewe umeyajuaje haya yote? Jibu ni fupi: yaliandikwa. Kleist kabla ya kufa aliandika habari za maisha yake. Mjukuu wake, Daisy Sykes, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu, aliyatumia maandishi yale, akatunga habari za babu yake, zikatolewa mwaka wa 1973 katika kitabu kilichohaririwa na John Iliffe. Baadaye Mohamed Said akaandika kitabu kizima juu ya Abdulwahid, kikatoka mwaka wa 1998. Laiti yule karani wa reli asingalichukua kalamu, Sykes Mbuwane angalizama mara mbili: mara moja mtoni, na mara ya pili katika usahaulifu.

Lile soko la zamani halipo tena. Mahali pake pakajengwa soko lililochorwa na Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka wa 1975. Nalo likaungua tarehe 10 Julai 2021. Majengo hupita. Kwa hiyo nawaomba ninyi wanafunzi, na ninyi wazazi mlioko vijijini: nunueni daftari moja. Mwendeeni mzee wa nyumbani, mkae naye jioni baada ya chakula, mmwulize: jina lako lilitoka kwa nani? Ulizaliwa mwaka wa njaa gani, au wa vita gani? Mama yako alitoka kijiji gani, na walifika hapo kwa njia ipi? Andikeni asemayo kama asemavyo, na yale ya aibu msiyafute. Kisha linganisheni maneno yake na ya mzee mwingine, na miaka yake na miaka iliyomo vitabuni, kama tulivyofanya leo kwa Pangani, Kalenga na Inhambane.

Wazee walisema, mwacha asili ni mtumwa. Nami naongeza kwa adabu: lakini huwezi kuishika asili usiyoiuliza. Nawaageni kwa heri, na Mungu akipenda tutaonana tena.